Sanduku la Mkanda

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Injinia,

Salamu za nyumbani zipo, ila leo nina hasira na sitaki kuzichanganya. Mzee amenipokonya ufunguo wa chumba cha mashine.

Nimeishika ile mashine ya kusafishia mbegu tangu nina miaka kumi na minne. Hii ni miaka ishirini na miwili. Nikiwa jikoni nasikia mlio wake na kujua kama chekeche ya juu imejaa au ya chini imelegea. Wateja wameniita Chekeche mpaka jina langu wamelisahau. Halafu Jumamosi mwenyekiti wa wakulima akaja na kopo la udongo. Alikuwa ameotesha humo mbegu kumi za mtama tulizomsafishia. Zimeota tano, na katikati yake magugu mawili yamestawi vizuri kabisa. Akaliweka kopo mezani, akaketi bila kukaribishwa.

Mzee akaniambia nilete ufunguo. Nilidhani anataka kuingia kuangalia, nikampa. Akautia mfukoni, akamwambia mwenyekiti kwamba shida imeshajulikana: mimi macho yamechoka, nachagua chekeche zisizofaa. Nilikuwa nimesimama pale pale na sinia la chai.

Sasa nisikilize. Mwaka jana nilipolazwa, wewe ndiye uliyeishika mashine wiki tatu kabla hujaondoka kwenda kazini. Tangu nitoke hospitali, upepo wa feni si ule. Unavuma, lakini hauna nguvu ya kurusha mapepe, zile mbegu tupu. Nikimwambia Mzee anasema mimi ndiye niliyerudi dhaifu. Kule nyuma kwenye sanduku la mkanda sijawahi kufungua, unajua amri yake tangu mkanda ulipomla kidole: chekeche zangu, mikanda yako. Je, uligusa nini?

Wakulima wamesema watatupa msimu mmoja zaidi. Mimi nataka ufunguo wangu.

Dada yako


Tarehe 2 Februari

Dada mpendwa,

Barua yako nimeisoma wakati wa chai, wenzangu wakadhani nimeandikiwa na mchumba, jinsi nilivyokunja uso. Pole sana. Mzee ni Mzee, na wewe ni yeye mwenyewe aliyevaa gauni. Mkinuniana nyinyi wawili, nyumba nzima inakosa hewa.

Huku kiwandani mambo ni mengine. Tuna mashine inayoangalia mbegu moja moja kwa taa, mbovu inapigwa na upepo mwembamba inaruka pembeni. Haihitaji mtu wa kusikiliza mlio. Ungeiona ungecheka, au ungelia, sijui.

Kuhusu mashine yetu, mimi sikugusa kitu cha maana. Niliweka grisi kwenye beringi na kukaza mkanda wa feni maana ulikuwa umelegea, basi. Nadhani chekeche zimechakaa, matundu yamepanuka. Pima kwa mbegu nzima, ikipita kwenye tundu jua chekeche hiyo imekwisha. Angalia pia ile mipira ya kugongea chini ya chekeche, ikiwa imekauka matundu yanaziba. Na kile kilango cha upepo kifungue chote.

Nyenyekea kidogo kwa Mzee. Atalainika.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Injinia,

Nimenyenyekea mpaka mgongo unauma.

Mzee aliniruhusu niingie siku tatu, yeye akiwa amekaa mlangoni kama askari. Nimepima chekeche zote tisa. Mbili zilikuwa mbovu, nimezipeleka kwa mchomeleaji. Mipira nimebadilisha. Kilango cha upepo kiko wazi chote tangu mwaka jana. Tukawasha. Nikaweka mkono kwenye mdomo wa upepo, ukanipapasa tu. Zamani ulikuwa unanivua kilemba.

Tulisafisha maharage ya watu wanne. Wenyewe walikuwepo, wamepanga magunia uani. Mmoja akachota yaliyokwisha kusafishwa, akaminya moja, likabonyea likiwa tupu. Mzee akaja akaangalia. Hakuniita pembeni. Alisema pale pale, watu wanasikia, "Mkono wa huyu umekuwa mzito. Msinilaumu mimi." Wakacheka. Mwingine akasema Chekeche ametoboka. Mdogo wangu, nimetukanwa huko nyuma, lakini kuvuliwa nguo mbele ya watu na baba yangu mzazi sikuwahi.

Tangu siku hiyo anaendesha peke yake. Vumbi linamwingia kifuani, anakohoa mpaka anashika ukuta. Mimi nimekaa nje na ungo, napeta kwa mkono kile ambacho mashine ilitakiwa iwe imeshapeta. Gunia moja linanichukua siku nzima. Watu wakichukua gunia lile wanamshukuru yeye.

Njoo. Siku mbili tu. Fungua lile sanduku uangalie mkanda wako.

Dada yako


Tarehe 15 Aprili

Dada mpendwa,

Likizo sina mpaka mwisho wa mwaka, na mkuu wetu wa mafundi ni mtu asiyesikia lugha ya baba mgonjwa. Nimemtumia Mzee barakoa kumi na mbili za kuzuia vumbi, ziko kwenye kifurushi. Mwambie asizifue, zikichafuka atupe.

Nimefikiri sana kuhusu upepo. Huenda umeme wenu umepungua nguvu, mota haifiki mwendo wake. Hilo linatokea sana, na halina dawa isipokuwa kusubiri. Sanduku la mkanda msilifungue. Mkanda ule ni wa zamani, ukiutikisa unaweza kukatika na mwingine wa kuweka mahali pake haupatikani tena.

Usiyabebe maneno ya watu. Leo wanacheka, kesho wamesahau.

Mdogo wako


Tarehe 8 Juni

Injinia,

Nina swali moja tu leo. Ulipokaza mkanda wa feni mwaka jana, uliuacha umenyooka kutoka puli hadi puli, au uliupisha katikati kama nambari nane?

Jibu neno moja linatosha.

Dada yako


Tarehe 30 Juni

Dada,

Umenyooka. Kama siku zote. Mimi ni fundi, siwezi kuupisha mkanda wa feni.

Lile sanduku nililipigilia mwenyewe misumari sita. Kama kuna mtu amelifungua akakuta mkanda umepishana, basi ni Mzee mwenyewe. Mikono yake inatetemeka siku hizi na hakubali kusaidiwa. Huenda mkanda ulimtoka akaurudisha vibaya, hataki kusema. Usimwambie nimesema hivyo, atachukia bure.

Mzee anaendeleaje na kifua?

Mdogo wako


Tarehe 19 Agosti

Injinia,

Uliondoka asubuhi ya tatu baada ya mazishi, chai yako ikiwa bado mezani. Nilipotoka chumbani nikakuta kikombe.

Sikuandikii kukueleza msiba ambao ulikuwepo. Nakuandikia kuhusu ile saa ambayo mwenyekiti alisimama kutoa shukrani za wakulima. Ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka kwangu. Aliposema kwamba marehemu alikuwa mtu wa haki, asiyemwonea haya hata mtoto wake, na kwamba tangu amtoe binti yake mashineni mbegu zimetakata, mimi nilikuangalia wewe. Wewe ukaangalia viatu vyako. Ni viatu vizuri, nilivisifia moyoni.

Halafu wakakuomba wewe ushike mashine. Mbele yangu. Wakasema akishika Chekeche, wao watapeleka mbegu kwingine. Ukasema utafikiria. Ulijua hutafikiria, una kazi yako na mashine yako yenye taa. Ungeweza kusema neno moja likanitosha maisha yangu yote.

Jioni nikakuona unaingia chumba cha mashine peke yako. Ulikaa humo muda mrefu. Ulipotoka ulikuwa na uso wa mtu aliyepoteza kitu.

Una jambo la kuniambia? Sitauliza tena.

Dada yako


Tarehe 12 Septemba

Dada yangu,

Ni mimi. Nimeandika sentensi hiyo kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Ulipokuwa umelazwa, mkanda wa feni ulikuwa umevutika, unateleza kwenye puli. Mpya haukuwepo. Nikaupisha kama nambari nane, maana ukipishwa unashika puli vizuri zaidi. Ukaacha kuteleza, feni ikazunguka, upepo ukatoka. Nikajipongeza. Nikapigilia sanduku, nikasema nikipata mshahara wa kwanza nitanunua mkanda mpya nije niuweke. Hata kidogo sikujua kama nimeharibu. Hilo naomba uliamini.

Mwezi wa tano wangu huku kiwandani, yaani Julai ya mwaka jana, mkuu wa mafundi alituita kutufundisha. Akageuza nyaya za mota, feni ikazunguka kinyume. Akatuambia tuweke mikono. Upepo ulikuwa unatoka upande ule ule, dada. Feni za aina hii zikizunguka kinyume hazivuti, bado zinapuliza, ila nusu ya nguvu haifiki. Akasema hilo ndilo kosa linalowapumbaza mafundi wengi, kwa sababu kila mtu akiweka mkono anasikia upepo na kuridhika. Wenzangu walicheka. Mkanda ukiupisha, puli ya pili inazunguka kinyume. Hata mtoto wa shule anajua. Nilijua pale pale nimefanya nini.

Nilikuandikia jioni ile nikaichana. Nikasema nitakuja mwenyewe niunyooshe kimya kimya, yaishe. Halafu ikaja barua yako ya Januari, kwamba Mzee amekutangaza wewe kuwa ndiye mkosaji. Nikaogopa. Ningesema, Mzee angeonekana mjinga na mimi ningeitwa Injinia kwa kicheko mpaka nazeeka. Nikajidanganya kwamba wewe ni mgumu, utavumilia. Kila barua yako iliyofuata ilifanya jibu la kweli liwe zito zaidi. Na ulipouliza lile swali la Juni nikakuongopea, kisha nikamsingizia Mzee. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Siku ile ya mazishi niliingia na spana kuunyoosha. Nikafungua sanduku, nikakuta umenyooka. Misumari ilikuwa mipya. Nani aliunyoosha? Mzee alijua?

Nisamehe ukiweza. Barua hii mwonyeshe yeyote unayetaka.

Mdogo wako


Tarehe 1 Oktoba

Injinia,

Unauliza Mzee alijua. Ngoja nikwambie alichojua.

Tarehe 27 Mei alikuwa anasafisha mtama wa mwenyekiti. Kikohozi kikambana, akaketi juu ya gunia, akaniita niingie nizime mota. Nilipopita nyuma nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Nikachukua nyundo, nikang'oa misumari yako sita. Mzee akanikataza, sikumsikiliza. Chini ya sanduku kulikuwa na unga mweusi wa kujaza kiganja, mkanda ulikuwa unajisugua pale unapopishana. Mimi si fundi wa mikanda. Lakini niliiangalia puli nikaona kwamba feni ilikuwa inazunguka kinyume cha mshale mwekundu ambao Mzee mwenyewe aliuchora juu yake, kabla sijazaliwa.

Nikaunyoosha. Ulikuwa umelegea, nikasogeza mota nyuma kwenye nafasi ya bolti zake mpaka ukakaza. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupika wali. Nikawasha. Dada yako alivuliwa kilemba, mdogo wangu. Mapepe yaliruka mpaka ukutani. Mbegu iliyotoka chini ilikuwa nzito, inalia kwenye debe. Nikamgeukia Mzee nikicheka na machozi yananitoka, nikisubiri aniambie pole.

Akasema, "Usimwandikie." Nikamuuliza kwa nini. Akasema wewe uko ugenini, una jina linalojengwa, ukijua utavunjika moyo. Nikamuuliza na jina langu je. Akasema mimi niko nyumbani.

Maneno yake yalikuwa hayo tu. Ufunguo akaurudisha mfukoni. Kuanzia siku ile mbegu zikatakata, na watu wakaanza kusema unaona, tangu amtoe binti yake. Alikuwa anawasikia. Alikuwa anaitikia.

Nilimkaidi, nikakuandikia tarehe 8 Juni. Sikukushtaki, nilikuuliza tu, nikuachie wewe mlango. Jibu lako lilipofika, Mzee alikuwa kitandani, akaniomba nimsomee. Nikasita. Akasema soma yote. Nikamsomea yote, Injinia. Nikasoma pale uliposema ni Mzee mwenyewe, mikono inatetemeka, hataki kusema. Aliniambia nirudie, nikarudia. Kisha akainua ile mikono akaiangalia, akageukia ukutani. Tangu hapo hakulitaja jina lako. Ila hakulisafisha langu pia, aliondoka na maneno yake mdomoni. Ufunguo nimeutoa mwenyewe kwenye mfuko wa suruali yake nilipokuwa nafua nguo za marehemu.

Kwa hiyo mlinifanyia wote wawili. Yeye alikuficha wewe kwa kunitoa mimi, na wewe ukamlipa kwa kumsingizia. Nimekaa na hasira ya watu wawili na mmoja simpati wa kugombana naye.

Barua yako niliipeleka kwa mwenyekiti. Aliisoma mara mbili, akaishika karibu na macho. Akasema mwandiko wako na wangu ni mmoja. Ni kweli, Mzee ndiye aliyetufundisha wote kuandika, kwa chaki, kwenye mlango wa mashine. Akasema barua mtu anaweza kujiandikia. Akaniambia nikulete, useme kwa mdomo wako.

Wakulima watakutana hapa uani Jumamosi tarehe 25, saa tatu asubuhi, kuamua mbegu za msimu wazipeleke wapi. Sikuambii uniombe radhi, sikuombi mkanda. Njoo usimame useme yale yale uliyoyaandika. Ukishasema unaweza kupanda gari lako saa nne ukarudi.

Dada yako


Tarehe 17 Oktoba

Dada mpendwa,

Barua yako imenimaliza. Nimeisoma nimekaa sakafuni. Sikujua alisomewa. Mungu wangu, sikujua.

Kuhusu tarehe 25, huu ndio msimu mkubwa wa kiwanda, tunafunga mbegu usiku na mchana na mimi nimepewa usimamizi wa zamu, jambo ambalo wewe pia ungelifurahia. Nikiondoka sasa nafasi itakwenda. Nimefikiria njia nyingine: nitamwandikia mwenyekiti barua rasmi, yenye muhuri wa kiwanda, ili asiwe na shaka na mwandiko. Au mwakani, Januari, nikija likizo, nitakaa wiki nzima na nitamwona kila mkulima nyumbani kwake.

Nimekununulia mkanda mpya. Uko kwenye kifurushi hiki.

Nielewe, dada yangu.

Mdogo wako


Tarehe 26 Oktoba

Injinia,

Walikuja kumi na moja. Nilifungua mlango saa tatu. Nilingoja mpaka saa nne, maana kichwa changu ni kigumu na barua yako nilikuwa nimeisoma kama mtu asiyejua kusoma. Mwenyekiti akaangalia njia, akaniangalia mimi, akasema, "Haji."

Nikawaambia waingie. Nikafungua sanduku mbele yao, nikarudisha mota mbele kidogo, nikaupisha mkanda wa zamani kama nambari nane. Nikawasha, nikamwambia kila mmoja aweke mkono kwenye mdomo wa upepo. Wakasema upepo upo. Nikamwaga debe la maharage, yakatoka na mapepe yake. Nikazima, nikaunyoosha, nikakaza, nikawasha. Nikawaambia waweke mikono tena. Yule aliyesema Chekeche ametoboka, kofia yake ilikwenda mpaka uani. Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti akauliza nani aliupisha. Nikakutaja. Akauliza nani alijua. Nikamtaja Mzee. Hapo wengine waliinuka, wakasema maiti hasemwi. Watano wameacha magunia yao. Sita wameondoka nayo, mmoja wao ni mwenyekiti. Watano wananitosha kuanzia.

Mkanda wako mpya nimeurudisha posta, haujafunguliwa. Huu wa zamani ukinyooka unafanya kazi.

Mzee aliniambia nisikuandikie. Nilimkaidi miezi mitano. Leo naanza kumtii.

Chekeche